Uzi Usiobeba Mzigo

Injinia hakuwahi kuniuliza habari za leo tu akaishia hapo. Alikuwa akifika mlangoni kwangu, pale nyumba za walimu Kimuli, vumbi la barabara likiwa limempaka nyusi zote mbili, anavua kofia ya pikipiki na kusema, "Mwalimu, habari za leo?" Nikishamjibu kuwa nzuri, haondoki. Anasubiri kidogo, kisha anauliza, "Na za jana jioni?" Mwanzoni nilidhani ndiyo namna ya watu wa kwao Muleba ya kusalimia, maana wale wanapenda kuzirefusha salamu, nikawa namjibu kwa adabu. Baadaye ndipo nilipong'amua kwamba hata sisi watu alikuwa akitupima mara mbili, jua likiwa kali na jua likiwa limepoa, na hakuamini jibu mpaka awe na yote mawili mkononi.

Sikumbuki sawasawa ni lini nilimwona kwa mara ya kwanza. Nina picha mbili kichwani na zote mbili zinadai kuwa za mwanzo. Katika moja amesimama juu ya tuta la lambo letu asubuhi, ukungu umemmeza hadi kiunoni, na ng'ombe wa kaka yangu wanapita kando yake bila kumjali. Katika nyingine amelala mchana kwenye kiti cha mama yangu, mdomo wazi, kikombe cha maziwa kimekaa mapajani bila kumwagika, na mama amesimama mlangoni akizuia watu wasiingie kwa kishindo. Nikijaribu kuzipanga, huchanganyikana, na siku hizi nimeziacha ziishi pamoja.

Lambo lenyewe si kubwa. Lilichimbwa zamani kwenye kibonde kati ya vilima viwili vya nyasi, upande wa chini likazuiwa kwa tuta la udongo, na wakati wa kiangazi ng'ombe wa kijiji chote huyategemea maji yake. Chini ya tuta ipo nyumba moja tu, ya mama yangu. Baba aliijenga akiwa kijana, kabla ya tuta kuinuliwa, na alipofariki akazikwa palepale, na tangu azikwe mama hakutaka kusikia neno la kuhama. Kaka yangu, ambaye ni mwenyekiti wa kamati ya lambo na ndiye mwenye ng'ombe wengi kuliko sisi wote, alimjengea nyumba nyingine huko juu kilimani, ya bati, yenye sakafu ya saruji. Mama akaishukuru sana, kisha akaifanya ghala la maharage.

Watu wa mradi walikuja wakitafuta tuta dogo la kujifunzia kabla ya kwenda kwenye mabwawa makubwa, wakachagua letu. Walichimba mfereji wa kina cha jembe juu ya tuta, toka mwisho mmoja hadi mwingine, wakalaza humo uzi wa kioo, faiba, mwembamba kama unywele, umevishwa ganda jeusi. Kazi yake ilikuwa kutoa habari mapema kama tuta linaanza kuvutika, kabla halijapasuka. Walipoondoka wakamwacha Injinia autunze. Alipanga chumba Kayanga, na siku zake zikifika alipanda gari asubuhi, akamalizia na bodaboda, akatufikia jua likiwa utosini na sanduku la kijivu la kusomea mgongoni. Alikuwa mwanamke mrefu, wa makamo tayari, mwenye sauti ndogo iliyowafanya watu wanyamaze ili waisikie.

Mama alimdai maelezo tangu siku ya kwanza. Hakuwa mtu wa kukubali kitu kifukiwe juu ya nyumba yake bila kujua kina kazi gani.

"Waitu, Injinia wetu, huo uzi unakwambia nini?"

"Mama, naingiza mwanga upande huu, unakimbia ndani ya kioo. Kuna sehemu nimeziwekea alama. Mwanga ukifika kwenye alama, rangi moja inanirudia. Tuta likivutika, uzi nao unavutika, na ile rangi inabadilika kidogo."

"Basi umeshajua."

"Sijajua bado. Jua likiwaka, rangi inabadilika vilevile. Kioo hakijui tofauti ya kuvutwa na kupashwa moto. Kwake yote ni kitu kimoja."

"Kama mwenyekiti," mama akasema, akimaanisha kaka yangu. Injinia akacheka hadi akashika ukuta.

"Sasa nimelaza uzi wa pili, pale mwisho wa tuta," akaendelea. "Umo ndani ya bomba, umelegea, haukushikwa na kitu chochote. Haubebi mzigo wowote. Huo unasikia joto tu. Nikisoma ule wa kwanza, natoa wa pili. Kinachobaki ndicho tuta."

Mama aliendelea kuchambua maharage. "Kwa hiyo asiyefanya kazi ndiye anayesema ukweli."

"Anasema nusu, Mama. Mwenzake naye anasema nusu."

Siku zile nililala nikiuwaza ule mwanga. Niliwaza unavyotembea ardhini bila sauti, chini ya kwato, chini ya umande, ukifika kwenye alama zake na kurudi na rangi moja tu mkononi. Mara nyingine niliota natembea pamoja nao, na juu yangu nasikia ng'ombe wakila nyasi, na sikutaka kuamka. Nilimsimulia Injinia ndoto ile. Hakucheka, alisema yeye ameiota mara nyingi na kwamba katika ndoto yake kuna baridi kidogo.

Neno lake lilikuwa "toa joto kwanza." Alilisema kuhusu tuta, na alilisema kuhusu watu. Kaka yangu ana koo la kuitia ng'ombe toka kilima cha pili, na katika mikutano ya kamati hulitumia hilohilo. Siku moja alinifokea mbele ya watu kuhusu zamu za kunywesha, nami si mtu wa kufokewa, nikawa tayari nimesimama na jibu langu limeiva. Injinia akanivuta gauni nikae. "Mwalimu, saa nane hii, bati linawaka, na tangu asubuhi hajala. Nenda kesho alfajiri anapokamua. Akifoka na alfajiri, hilo ni lake kweli, mjibu." Nilikwenda alfajiri. Kaka alinipa maziwa ya moto, akanionyesha ndama aliyezaliwa usiku ule, na habari ya zamu hakuikumbuka hata kidogo.

Lakini mwenyewe, huyo wa kutoa joto kwenye kila kitu, hakuweza kuvumilia chai ya vuguvugu. Ukimpa chai iliyopoa alinuna kama mtoto mdogo, na hakuna hesabu yoyote aliyoifanya ili kujituliza. Aligombana na vijana wa bodaboda kuhusu kona, akagombana na kuku wa mama, akagombana na redio. Nilipomuuliza uzi wake uliolegea uko wapi siku hizo, alisukuma kikombe kando. "Mimi sina wa pili," alisema. "Ndiyo maana naishi kwa watu."

Na alikuwa mtu wa usingizi wa mchana. Akishasoma uzi wake, akishuka toka tutani, aliingia kwa mama, akapewa maziwa, na kabla hajayamaliza usingizi ulikuwa umeshamchukua. Hakuwa amechoka. Alisema ni saa ambayo vilima vyetu vinaelea, na kweli wakati ule wa joto ukitazama upande wa Rwanda unaona milima imeachana na ardhi, imekaa hewani, na sauti za kengele za ng'ombe zinakuja toka mahali ambapo ng'ombe hawapo. Mama alimfukuzia nzi kwa ncha ya kanga yake. Sisi watoto wake wa kuzaa hatukuwahi kufukuziwa nzi.

Jambo la mikono yake sina budi kulieleza vizuri. Injinia alilelewa kwenye kibanja cha migomba, na watu wa migomba hawawezi kuona udongo ulio uchi. Kwao udongo hufunikwa nyasi, ndiyo matandazo, ili unyevu usitoroke na migomba ipate kustawi. Sisi wafugaji nyasi ni chakula, hatuzitupi chini. Nilimtania kwa hilo mpaka nikachoka. Akikaa mahali akizungumza, mikono yake huanza yenyewe: inavuta nyasi kavu za karibu, inazilaza, inazipangusa, inaongeza nyingine. Alifunika shina la mpapai wa mama. Alifunika ua wa kanisa letu akisubiri misa ianze, na padri akadhani ni nadhiri. Alifunika hata ile bustani ya nyumba ya wageni Kayanga ambayo haikuwa na kitu kilichopandwa. Ukimwambia, anaitazama mikono yake kwa mshangao. Kwake udongo uliofunikwa ndio udongo wa kawaida, macho yake yanaupita tu.

Kisha kikaja kile kiangazi.

Jua lilikuwa kali kuliko nilivyozoea, asubuhi zikiwa na baridi ya kutia ganzi na mchana nyasi zikilia chini ya miguu. Maji ya lambo yalipungua, lakini yalitosha, kaka alikuwa ameyapimia hadi mvua za vuli. Injinia akaanza kukaa kimya baada ya kusoma. Alisoma, akasoma tena, akafunga sanduku bila kusinzia. Tuta lilikuwa linavutika, alisema. Si sana. Lakini kila akija, limevutika zaidi ya alivyoliacha.

Kamati ikakutana juu ya tuta lenyewe. Kaka alimuuliza, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Injinia, umetoa joto?"

"Nimetoa, Mwenyekiti. Nimetoa kila mara. Kinachobaki ni kikubwa."

"Unashauri nini?"

"Mama ahame, au maji yapungue hadi nusu ya hapo yalipo."

Tulishuka kwa mama sote, tukambembeleza, mimi nikalia. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema ng'ombe ni wa watoto wake na maji ni ya ng'ombe, yeye hamzuii mtu, lakini hapo alipo mumewe ndipo alipo yeye. Akatukaribisha maziwa. Kaka alitoka nje akakaa juu ya jiwe kwa muda mrefu akiwa ameshika fimbo kwa mikono miwili. Kisha akapanda tutani, akafungua koki ya bomba la kutolea maji kwa mkono wake mwenyewe, na maji tuliyokuwa tukiyatunza kwa zamu yakapita kando ya nyumba ya mama yakaenda kuzama kwenye mchanga wa bondeni. Ng'ombe waliyasikia wakaanza kulia.

Jioni ile Injinia alikosa gari la kurudi Kayanga, akalala kwangu. Alfajiri, kwa kuwa yuko huku tayari, alisema akasome mara moja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, maana tangu aachiwe uzi ule siku zote alitufikia mchana. Nilimfuata na chupa ya chai. Alisoma. Akapangusa umande kwenye sanduku, akasoma tena. Tuta lilikuwa limerudi.

"Si kwa sababu maji yamepungua?" nilimuuliza.

"Labda," alisema. "Tusubiri."

Ilikuwa likizo, sikuwa na pa kwenda. Tulikaa pale hadi ukungu ukapanda, jua likatoka, likatuchoma. Maji hayakuongezeka wala kupungua, koki ilikuwa imefungwa. Mchana alisoma, na tuta lilikuwa limevutika kama siku zote. "Udongo ukishavutika haurudi usiku kulala," alisema polepole, kama anayejieleza mwenyewe. Akasimama, akatembea hadi mwisho wa tuta, pale penye bomba la ule uzi uliolegea, pale alipozoea kukaa akisubiri sanduku lipate moto wa kufanya kazi. Akatazama chini.

Akapiga magoti, akasukuma nyasi kando. Zilikuwa nyingi, tabaka juu ya tabaka, za chini zimeshaanza kuoza. Akaweka kiganja juu ya udongo.

"Mwalimu, weka mkono hapa."

Niliweka. Palikuwa na ubaridi na unyevunyevu.

"Sasa weka pale, kwenye tuta."

Pale palikuwa pakavu na pa moto kiasi kwamba nilitoa mkono haraka. Hapo ndipo nami nilipoelewa. Uzi mmoja ulikuwa unachomwa na jua kiangazi kizima, na mwenzake, ambaye kazi yake ilikuwa kuchomwa sawasawa naye, alikuwa amefunikwa blanketi. Joto lote ambalo uzi wa pili haukulisikia lilihesabiwa kuwa mzigo. Tuta halikuwa limekwenda popote.

"Nani kaziweka nyasi hizi?" niliuliza, nikiwawaza watoto wa machungani.

"Mimi," alisema Injinia. Alikuwa anaitazama mikono yake.

Yule aliyetufundisha kusubiri alfajiri hakusubiri alfajiri. Aliomba kamati iitwe siku ileile, kwenye jua lilelile, akasimama mbele ya wafugaji akawaeleza, bila kujipunguzia neno, kwamba tuta lilikuwa zima na maji yalimwagwa bure, na aliyesababisha ni yeye, kwa nyasi alizozilaza mwenyewe. Alitaka kuwaonyesha mahali penyewe. Hakuna aliyekwenda kutazama. Kaka aliuliza kitu kimoja tu: "Maji yanarudi?"

"Hayarudi mpaka mvua, Mwenyekiti."

Kaka akaondoka. Nusu ya maji iliyobaki isingefika vuli, na kesho yake walianza kuwaswaga ng'ombe kwenda kuwanywesha mto Kagera, mbali, njia yote ya vumbi, na waliodhoofika walibaki njiani. Kaka aliwapoteza wengi, na wale waliorudi mbavu zao zilihesabika. Tangu hapo alipokutana na Injinia alipita. Hakumtukana, hakumshitaki kwa mtu. Alipita tu, na kwa mtu wa huku kwetu, kupitwa bila salamu ni adhabu nzito. Mimi mwenyewe nilimkasirikia, sifichi, kwa wiki kadhaa. Sikuweza kumwita mjinga na sikuweza kumsamehe, nikabaki katikati.

Watu wa mradi walikuja wakalichukua sanduku. Tulijua hatutamwona tena.

Vuli ilipoanza alishuka toka kwenye bodaboda na godoro lililokunjwa kwa kamba, akapita kwangu kunisalimia, akateremka moja kwa moja kwa mama. Alilala pale vuli yote. Mvua zilikuwa za kujaza, zile zinazoanza mchana na kulala nasi, na lambo likapanda kila siku mpaka likafika mahali ambapo hatukuwahi kuliona. Kamati iliogopa, wengine wakataka lifunguliwe. Kaka alikataa. Aliniambia jikoni kwangu, akikausha koti, "Huyo mwanamke analala chini ya tuta na mama. Unadhani angelala pale kama hana uhakika? Kakosea mara moja, hawezi kukosea mara ya pili na kichwa chake kikiwa palepale." Ilinipa usingizi, hoja ile. Ilitupa usingizi sote. Lambo likajaa, tuta likashika, ng'ombe wakanenepa, na Desemba Injinia akafunga godoro lake akaenda zake. Kaka hakumuaga.

Miaka ilipita. Mama alifariki mwaka juzi, nyumbani kwake, kitandani kwake, mchana wa jua, akiwa amesinzia, na tukamlaza kando ya baba. Injinia hakuweza kuja, alikuwa amelazwa akitibiwa miguu. Kwa hiyo mwaka jana, shule zilipofungwa, nilikwenda Ihanda kumpa habari ya msiba kwa mdomo, kama inavyopasa.

Amestaafu pale, kwenye kibanja kidogo kati ya migomba na mibuni. Amepungua, anatembea na fimbo, na ile sauti yake ndogo imezidi kuwa ndogo. Tulikaa barazani, akaniletea ndizi na chai ya kuunguza midomo. Nilimweleza yote, jinsi mama alivyolala na hakuamka, nani walikuja, wimbo gani uliimbwa. Alilia bila kujificha, nami nikalia naye. Baadaye migomba ikatulia, tukawa tumekaa tu, na katika utulivu ule swali likanitoka ambalo sikuwa nimelipanga.

"Injinia, vuli ile. Ulikuwa na uhakika?"

"Na nini?"

"Na tuta."

Alizungusha kikombe mikononi. "Hapana," alisema. "Sanduku walikuwa wameshalichukua, Mwalimu. Bila sanduku, uzi ule ni waya uliofukiwa. Na tuta lilikuwa limemaliza kiangazi likiwa nusu tupu kwa ajili yangu, limekauka, limepasuka ndani. Udongo uliokauka hivyo ukajazwa ghafla, huo ndio wa kuogopa. Kabla yangu lilikuwa zima. Baada yangu sikujua."

Niliweka kikombe changu chini. "Na sisi hukutuambia."

"Nilimwambia mwenye nyumba, jioni ya kwanza, kabla sijakunjua godoro. Aliniuliza, ukimwambia mwenyekiti atafanya nini? Nikasema atakuhamisha kwa nguvu. Akasema, basi mimi na wewe hatujaongea kitu, vua viatu."

"Ungekufa naye."

"Ningemtoa. Kila jioni niliviweka viatu vyake mlangoni, vimetazama nje. Nilikuwa nalala sikio likiwa ukutani. Na mchana nilijaribu kumbeba mgongoni, toka kitandani hadi pale juu kwenye jiwe, nione kama nitaweza. Alikuwa mwepesi sana. Alicheka njia nzima, akasema watoto wake wakituona watadhani tumelewa." Akafuta macho kwa kiganja. "Mama yako alikataa kuhama, na mimi ndiye niliyelipasua lile tuta. Ningemwacha na nani?"

Hasira ilinipanda, kwa wote wawili, aliye hai na aliyelala, walivyotufanya tukorome huko juu kwa amani wakati wao wakisikiliza ukuta. Kisha nikamwona mama yangu mgongoni mwa mwanamke yule, anacheka, kwenye matone ya mvua, na hasira haikupata pa kukaa.

Nilisimama, nikaenda hadi mwisho wa kibanja panaposhika mtandao, nikampigia kaka. Nilimsikia yuko lamboni, ng'ombe wanakunywa. Nilimweleza neno kwa neno, sikuongeza wala sikupunguza. Nilisikia kengele za ng'ombe zikibaki nyuma yake.

"Viatu vimetazama nje," alisema mwishowe.

"Ndivyo alivyosema."

"Yule mtamba mweusi, wa ukoo wa ng'ombe wa mama. Mwambie ni wake."

Kwetu ng'ombe wa mama hatoki nje ya nyumba. Hupewa binti wa nyumba, au haondoki. Kaka anajua hilo kuliko mtu yeyote, na alisubiri kwenye simu ili ajue kama na mimi nimeelewa.

Nilirudi barazani nikamwambia Injinia. Alisema hana zizi, miguu ni mibovu, hajui kufunga ndama wala kukamua, na kwamba hastahili. Nilimjibu kuwa kaka amesema anakuja Jumamosi na miti ya kujengea, na hajauliza chochote kati ya hayo. Kisha akaniuliza, kwa sauti ambayo ilinibidi niinamie, yule mtamba anaitwa nani.